Matofali ya Kalumba

Simhurumii Kalumba, ingawa ni rafiki yangu. Mwaka 1993, Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa mjini Kolwezi, alinunua nyumba ya Mama Kapinga, mmoja wao, na kumpa nusu tu ya bei.

"Mama, nusu ingine nitakuletea kesho ku gare," alimwambia.

Hakwenda. Wiki nzima Mama Kapinga alimngoja huko stesheni, na binti yake mdogo alimnyooshea kiganja kila mwanamume aliyepita, akidhani ndiye aliyeleta pesa zao, mpaka treni ikawachukua. Ile nusu Kalumba aliitumia kuongeza vyumba.

Alichimba udongo uani, akafyatua matofali peke yake. Wingu la mvua likitia giza, alikimbilia ndani, na kutoka nje alisikia viganja vikipiga udongo: pa, pa, pa. Akichungulia, hakuna mtu.

Siku ya kufungua tanuru aliniita. Kila tofali lilikuwa na alama ya kiganja cha mtoto, vidole wazi.

"Mulipe yule mama," nilimwambia.

"Mi nitalipa nani? Balishakwenda!"

Kwa hasira alichukua nyundo, akapasua tofali moja lililoiva vizuri, jekundu. Katikati yake kulikuwa na alama ya kiganja kilekile, na udongo wake ulikuwa bado mbichi.