Baraza Lililoziba Mtaro

Mume wangu ni fundi mwashi, na anapenda zege kama watoto wanavyopenda sukari. Akiona ufa, anaweka zege. Akiona shimo, anaweka zege. Ndiyo maana mtaani wanamwita Zege, na ukimwita hivyo anageuka akitabasamu.

Mimi nashona nguo. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha. Mama mkwe wangu analala chumba cha nyuma, kando ya bafu. Miguu yake imeisha nguvu, lakini ulimi wake ni mzima kabisa.

"Mkwe," ananiita kila asubuhi, "leo umeamka au umeamshwa?"

"Umeniamsha wewe, mama."

Anacheka, tunakunywa chai.

Mwaka jana Zege alimjengea mama yake baraza mbele ya nyumba, ili awe anaota jua. Lilikuwa zuri, hilo sikatai. Laini kama sahani. Lakini mbele ya nyumba yetu unapita mtaro wa maji ya mvua. Zege aliufunika kwa zege zito, bila tundu wala mfuniko, kutoka ukutani hadi barabarani. Kisha akainua kizingiti cha mlango mpaka kikanifika magotini.

"Sasa maji yajaribu kuingia," alisema, akijipiga kifua.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Zege alikuwa kazini. Nilikuwa naweka kola kwenye shati la mteja niliposikia mama mkwe akipiga kelele.

"Mkwe! Njoo uone! Bafu linatapika!"

Maji meusi yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la bafu. Yaliingia chumbani kwake, yakaja sebuleni. Nilishika ufagio niyasukume nje. Yatokee wapi? Kizingiti kile kilikuwa ukuta. Nyumba yetu ikawa beseni, na sisi tukawa nguo chafu ndani yake.

Nilipofika chumbani, maji yalishagusa godoro. Mama mkwe alikuwa ameng'ang'ania dirisha kwa mikono miwili. Nilimbeba mgongoni nikampandisha juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Tulikaa pale tumekumbatiana mpaka mvua ikakatika.  Mama mkwe hakutania hata neno moja, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko maji yenyewe.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja wa idara ya mitaro ya jiji. Alivaa buti ndefu za mpira, basi mtaa mzima ukamwita Mama Buti. Jirani yetu msusi ndiye aliyekwenda kumwita, maana saluni yake nayo ilikuwa imejaa maji.

"Shoga, viti vyangu vilikuwa vinaogelea," aliniambia. "Na mimi mwenyewe sijui kuogelea!"

 Mama Buti aliomba ndoo ya maji na buluu ya kufulia. Akakoroga, akamwaga yale maji ya buluu mtaroni, upande wa saluni. Kisha tukaenda wote kusimama upande wa pili wa baraza letu. Tukasubiri. Hakikutoka kitu.

"Maji yamekwama chini ya hili baraza," alisema. "Taka zimejaa na hakuna pa kuingiza mkono kuzitoa. Bomba la bafu lenu linamwaga wapi?"

"Humu humu mtaroni," Zege alijibu, sauti chini.

"Basi mtaro ukijaa, maji yanarudi na bomba mpaka ndani. Wewe umefunga mlango wa mbele, bwana fundi, na maji yamepita mlango wa nyuma. Na hicho kizingiti chako kinayazuia yasitoke."

Zege alikuna kichwa. "Kwa hiyo nisifunike mtaro?"

"Funika, lakini kwa mifuniko midogo yenye vishikio, ambayo watu wawili wanaweza kuinyanyua. Kila wiki mnafunua, mnazoa taka. Maji hayana ugomvi na mtu. Yanataka njia tu. Ukiwanyima njia, watapita kwako."

"Unayasema kama watu," mama mkwe alimwambia.

"Nimekaa nayo miaka ishirini, bibi. Nimeshayazoea."

Kabla hajaondoka alituuliza swali ambalo hatukuwahi kujiuliza. "Maji yakija tena, nani atambeba bibi?"

 Pale pale tukapanga. Mimi na msusi tutambeba mama kwa kiti hadi nyumba ya muuza nyama, iliyo juu mtaani. Mtu wa kwanza kuona maji yanapanda atazima umeme kwenye swichi kuu, maadamu bado amesimama pakavu. Vyeti na dawa za mama vikae kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati. Na hakuna atakayevuka maji yanayokwenda kasi, hata kama kasahau nini ndani.

Ilibaki kazi moja tu: baraza.

"Nitalivunja mvua zikiisha," Zege alisema. "Sasa hivi nina nyumba ya watu ya kumalizia."

"Mume wangu, mvua zikiisha tutakuwa tunavunja kwa ajili ya nini?"

"Mke wangu, lile baraza nimelijenga kwa mikono yangu. Kwa ajili ya mama. Nipe muda."

Alhamisi redio ilitangaza kwamba mvua kubwa inakuja Jumapili. Ijumaa asubuhi Zege alikwenda kazini. Nilimtazama mama mkwe, amelala kwenye kile chumba cha nyuma. Nikamkumbuka alivyokuwa ameshikilia dirisha. Nikaenda stoo nikatoa nyundo kubwa ya mume wangu.

"Mkwe, unakwenda kumpiga nani?" mama aliuliza.

"Baraza lako, mama."

Aliitazama ile nyundo. "Basi nitoe nje nikae nitazame. Sijaona kazi ya maana siku nyingi."

Nilipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Msusi alikuja na sururu. Mama mkwe alikaa kwenye kiti akitusimamia kama mnyapara. "Pigeni pale kwenye ufa! Ninyi mnalibembeleza au mnalivunja?"

Zege lilipofunguka, tulishika pua. Chupa za plastiki. Ndala. Nywele za bandia za saluni, zimejisokota kama kamba. Na katikati ya kila kitu, limeshikana kama kizibo, lilikuwapo rundo la mabaki ya vitambaa. Yenye maua mekundu yalitoka kwenye gauni nililomshonea bi harusi mmoja. Niliyatambua mara moja. Nilikuwa nikiyafagia mtaroni kila jioni, nikidhani maji yatayapeleka huko yanakojua.

Nilimgeukia msusi. "Shoga, nisamehe. Viti vyako niliviogelesha mimi."

"Tulisaidiana," alisema, akinyanyua furushi la nywele. "Hizi nazo si zako."

Tangu siku hiyo mabaki yangu yanaingia kwenye gunia, na mtengeneza magodoro anakuja kuyachukua.

Zege aliporudi jioni, aliyazunguka yale mabonge mara mbili. Alikula akinipa mgongo. 

Jumapili asubuhi aliitwa kazini kufunika paa. Saa sita mchana mvua ilishuka kama imemwagwa. Nilizima swichi kuu. Msusi alikuja, tukakaa na kiti cha mama tayari, macho yetu mtaroni. Maji yalipanda, yakafika ukingoni, yakanguruma, yakapita. Bafuni hakikuingia hata kijiko kimoja.

Zege aliingia mbio, ameloa, anahema. "Mama! Mama yuko wapi?"

"Niko hapa, nakunywa chai," mama alimjibu. "Futa miguu, unatuletea maji ndani."

Alikaa chini sakafuni, kwenye sakafu kavu, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya mama yake. Hakuona haya kulia.

Wiki iliyofuata alipunguza kizingiti na kutengeneza mifuniko kumi na miwili yenye vishikio vya chuma. Minne tuliiweka kwetu, mingine majirani wakaichukua. Kila Jumamosi mtaa wote unafunua. Mama mkwe anaota jua kando ya mifuniko na kuwahesabu wavivu kwa sauti.

Jana, tukizoa taka, Zege aliinua kifua.

"Mke wangu, sawa, ulikuwa na haki. Lakini ulivunja kazi yangu bila ruhusa, tena kwa nyundo yangu. Niombe radhi, mara moja tu, mbele ya mama, yaishe."

Majirani waliacha makoleo. Nilimtazama mama mkwe, mkavu, mzima, mdomo wazi akisubiri jibu.

"Siombi," nilimwambia. "Shika upande huo tunyanyue."