Mzizi Uliolia Sufuriani

Ilianza Jumanne, saa nane za mchana, jua linawaka na watu wameshiba. Wala hakukuwa na kishindo. Samaki walijibana pembeni, basi.

Walikuwa tetra ishirini, samaki wa pambo, kila mmoja urefu wa kiungo cha kidole, mstari wa buluu ubavuni na wekundu kuelekea mkiani. Mwenye nyumba, fundi saa, aliwapenda kama mboni za macho yake. Tangi lao la kioo lilikaa sebuleni juu ya meza ya chuma. Ndani ya maji alipanda majani, mengine membamba kama nywele, mengine mapana kama sikio la mbuzi, na kila wiki aliyapunguza kwa mkasi mdogo utadhani kinyozi. Tetra hawajui upweke. Huenda pamoja na kugeuka pamoja, kama watoto wa shule waliosikia kengele. Siku hiyo hawakwenda popote. Wote ishirini walijisokota pembe ya kushoto, upande wa mlangoni, rangi zimewapauka.

Mama yake fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alipita na beseni la nguo.

"Samaki wako wamenuna?"

"Maji hayo, mama. Nitabadilisha kidogo."

Akabadilisha robo. Wakabaki pale pale. Akampigia simu aliyemuuzia.

"Umeweka samaki mkubwa humo?" muuza samaki akauliza.

"Hamna."

"Tetra wakijibana hivyo wameona adui. Kama hayumo ndani, basi yuko nje ya kioo." Akacheka. "Labda ni sura yako, fundi. Nyoa ndevu."

Fundi naye akacheka. Cheka tu, mwana, kicheko hakilipiwi kodi.

Jumatano nyumba ikanuka. Si uvundo, la, ni harufu ya tope lililopikwa. Mchana huo Bibi akasikia sufuria inachemka, bwaka, bwaka, bwaka, akaenda jikoni akinung'unika kuhusu wake wa siku hizi wanaosahau moto. Jiko lilikuwa baridi, na sufuria zote zimefunikwa rafuni. Aliporudi, sauti ilikuwa sebuleni.

Alhamisi Kibonge akaamka na yowe. Kibonge ndiye mtoto wa pekee wa fundi, miezi tisa, mashavu kama maandazi, na mchana alilala kwenye kitanda chake chini ya dirisha la kulia. Mama yake alipomfunua akakuta lengelenge kisiginoni, limejaa maji. Hospitalini muuguzi alilitazama lengelenge, kisha akamtazama mama.

"Nani kammwagia mtoto maji ya moto?"

Swali hilo likarudi nao nyumbani, likaketi kama mgeni asiyeaga.

"Mtoto haungui kwa hewa," alisema Bibi. "Mkamwana, ulikuwa wapi na birika?"

"Sijashika birika, mama."

"Sema tu, mke wangu," fundi akadakia. "Ajali ni ajali."

Mkewe alimtazama mpaka yule mwanamume akainamisha macho. "Na wewe pia? Haya. Walinde samaki wako. Mimi nina huyu tu."

Ijumaa likatoka la pili, kwenye mguu wa pili, kubwa kuliko la kwanza.

Tangu hapo mama hakubanduka. Alikaa sakafuni karibu na kitanda, mgongo ukutani, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, akawatazama samaki. Mchana wa Jumamosi akanyanyuka, akakisukuma kile kitanda kutoka dirishani hadi mlangoni, ili mtoto apate upepo, na alipojinyoosha kiuno akaona kwamba tetra wote ishirini wameikimbia pembe ya mlangoni na sasa wamejirundika ile ya dirishani. Akakirudisha kitanda, nao wakarudi mlangoni. Akambeba mtoto kifuani, akazunguka tangi taratibu, hatua kwa hatua, na kila alikozunguka samaki walijisogeza kuelekea upande wa pili, si kama wanaomkimbia yeye, kwani yeye ndiye aliyewalisha asubuhi, bali kama wanaokimbia mtu anayemfuata nyuma, karibu sana, ameinama begani kwake, anamtazama mtoto.

Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ya mtu aliye msikitini. "Baba Kibonge. Njoo. Mwite na mama."

Akawaonyesha. Bibi akashika ukingo wa mlango.

"Nisamehe, mwanangu," akanong'ona. "Ulimi wangu ulitangulia macho."

"Baadaye, mama. Kwanza tafuta mtu."

Mganga alifika saa tisa na nusu. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi sikioni, asiyependa salamu ndefu. Bibi akamkaribisha chai. "Chai baadaye," akasema, "kama tutakuwa hai." Akainama mbele ya tangi, akaona katikati ya majani mzizi mweusi, umepinda kama swala aliyelala.

"Huu umetoka wapi?"

"Kisimani," fundi akasema. "Kile cha zamani, kimekauka, hakina mtu. Ulikuwa umetokeza ukutani, nikaukata kwa msumeno Jumatatu. Unapendeza ndani ya maji, samaki hujificha..."

"Sikukuuliza uzuri. Ulipoukata, ulifanya nini?"

"Niliuchemsha saa nne nzima. Lazima uchemshwe. Usipochemshwa unaelea, tena unatia maji rangi ya chai. Wafugaji wote wa samaki tunachemsha."

Mganga akavua miwani. "Ulipokuwa unauchemsha, ulisikia nini?"

Fundi akapangusa kioo kwa kiganja. Mkewe akageuka kumtazama.

"Ulilia," fundi akasema. "Kama kitoto cha paka. Nikadhani ni hewa inatoka kwenye nyufa."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunika. Mfuniko ukawa unaruka. Nikaweka jiwe juu yake."

Bibi alikaa chini pale pale aliposimama.

"Basi umempika mtoto wa mwenzio, jini wa kisima, humo mzizini, kitandani mwake," mganga akasema polepole, "na mama yake amekufuata hapa."

"Nitaurudisha! Sasa hivi, nitaurudisha kisimani na kuomba radhi."

"Kitanda utakirudisha. Aliyelala humo utamrudisha na nini?"

Ile sauti ikaanza, bwaka, bwaka, na Kibonge akakunja miguu yake akilia. Mganga akaweka sikio kwenye kioo, akasikiliza, midomo ikijibu bila sauti. Alipoinuka alikuwa amepauka kama wale samaki.

"Alimtaka wa kwako mzima. Nimemsihi mpaka ulimi umekauka. Mkono gani uliweka jiwe?"

Fundi akainua wa kulia, ule wa kushikia kibano, uliokuwa ukirudisha pumzi kwenye saa za mji mzima.

"Utie majini. Usiutoe mpaka samaki watoke pembeni."

Akautia. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kilisoma nyuzi ishirini na tano, maji ya uvuguvugu ya kuogea, na majani hayakunyauka wala samaki hawakudhurika, lakini ngozi ya fundi ikaanza kuwa nyekundu, kisha nyeupe, kisha ikavimba na kuchanika kama ya nyanya iliyotiwa kwenye maji ya moto, naye akauma shati lake ili asiseme neno, huku mkewe akihesabu kwa sauti bila kujua anahesabu nini na Bibi akimziba mtoto macho, na sufuria isiyokuwepo ikichemka ndani ya masikio yao wote, mpaka, mmoja baada ya mwingine, wale tetra wakaachana, wakasambaa, wakapita katikati ya vidole vyake.

Kimya.

Kibonge akalala. Malengelenge yake yalikuwa yamenywea.

"Amesamehe?" mke akauliza.

"Amepokea mkono," mganga akasema akifunga mkoba. "Kusamehe hajasema. Huo mzizi sasa ni kaburi, hautaguswa, na huyu bwana atakaa nao humu humu aulinde, maana akihama, yule mama wa kisimani atatafuta kilichobaki."

Mke akamkumbatia Kibonge; mganga akaendelea.

"Mtoto aondoke leo kabla jua halijatua. Na baba asijue anakopelekwa. Anachokijua yeye, na mama huyu wa kisimani atakijua."

Mama akamfunga mwanawe mgongoni. Bibi, yule aliyemwuliza habari za birika, ndiye aliyembebea begi. Mlangoni mke akasimama, akafungua mdomo, na fundi, mkono umefungwa kanga, akatikisa kichwa haraka.

"Usiniambie," akasema. "Nakuomba. Hata upande usinionyeshe."

Akageuza uso ukutani mpaka nyayo zao zikaisha barabarani.

Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Kibonge ana akili darasani, anacheka kama baba yake. Majirani wanajua mtaa anaoishi, hata watoto wao wanajua. Fundi akiwaona wanamjia wanazungumza, huziba masikio kwa mkono mmoja na kitako cha kiganja cha ule ulioungua, akapita akiimba kwa nguvu, asije akasikia jina la mtaa wa mwanawe.