Marehemu wa Kwenye Kanda

"Mama, hii kanda imeota ukungu," fundi alisema akiinyanyua kwenye mwanga. "Nikiicheza inaweza kukatika."

"Icheze hivyo hivyo," mshonaji alijibu. "Unihamishie kwenye flashi. Namtayarishia mume wangu zawadi."

Mumewe alikuwa mpiga video wa harusi, mtaa mzima ulimwita Kamera. Enzi zake, bibi harusi hakutoka nje mpaka Kamera awe amesimama mlangoni. Kisha zikaja simu, kila mgeni akawa mpiga picha, kazi ikamfia mikononi. Akabaki na sanduku la kanda na deki moja kuukuu ya kuzichezea. Juzi deki nayo ikazima, haikuwaka tena. Kamera alizunguka maduka yote kutafuta nyingine, wauzaji wakamcheka. Alirudi nyumbani akalia kama mtoto.

Mshonaji alijua anachokililia. Kwenye kanda hii alikuwemo marehemu, mke wa kwanza wa Kamera, aliyefariki kwa homa kabla mshonaji hajaolewa. Hakuwahi kumwonea wivu. Hata binti yao walimpa jina la marehemu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipendekeza.

Mistari ilichezacheza kwenye runinga, kisha picha ikatulia. Mwanamke alikuwa ameketi kitandani, anachana nywele.

"Cheka tena, mpenzi," sauti ya Kamera ilisikika.

"Masikini," mshonaji alinong'ona. "Alikuwa mzuri jamani."

Mwanamke akainuka, akafungua kabati. Kwenye kioo cha mlango wake akaonekana Kamera, mashine begani, shati la mistari ya kijani mwilini.

"Simamisha hapo!"

"Kuna nini, mama?"

Mshonaji alisogea mpaka pua ikakaribia runinga. Mfuko wa shati ulikuwa upande wa kulia. Aliushona huko kwa mikono yake, kwa sababu Kamera hutumia mkono wa kushoto. Shati hilo lilikuwa zawadi yake kwa mumewe, ndoa yao ilipotimiza mwaka.

Alitoka nje, akampigia dada wa Kamera.

"Wifi, marehemu alizikwa wapi?"

"Nani amekwambia?"

Mshonaji akakaa kwenye ngazi ya duka.

"Kumbe wote mlijua?"

"Alituapisha, wifi yangu. Nisamehe. Yuko hai, alihamia mbali..."

Akakata simu. Akamwandikia mumewe: "Rudi nyumbani sasa hivi."

Jibu likaja: "Kuna nini mke wangu? Mtoto mzima?"

"Mtoto mzima. Marehemu pia mzima."

Kamera aliingia sebuleni anahema, jasho linamtoka. Mkewe alikuwa anakunja nguo za mtoto.

"Naomba unisikilize. Aliniacha. Nilipokutana na wewe niliona aibu kusema mwanamke amenikimbia. Nikasema amekufa, nikadhani yameisha."

"Na shati langu lilifikaje chumbani kwake?"

Kamera aliinamisha kichwa.

"Alirudi. Nikateleza."

"Ukiniaga kwamba una harusi ya mbali?"

"Ndiyo. Lakini yalikwisha zamani, Mungu ni shahidi yangu!"

"Yangekwisha usingelilia deki." Alizisukumia nguo kwenye begi. "Nimemwombea yule mwanamke. Kila nikimwombea mama yangu, namtaja na yeye alale pema. Na wewe umepiga magoti pembeni yangu, unaitikia amina!"

"Nakupenda. Usiondoke, nitafanya lolote."

Alifunga begi, akambeba binti yake mgongoni.

"Hebu niambie, baba watoto. Mimi nikiondoka, utawaambia watu nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Kamera alilishika begi. Mshonaji akalivuta, akatoka.

Nje, jirani aliyekuwa anaanika nguo alishangaa kumwona na mzigo.

"Shoga, safari ya wapi tena?"

"Namwacha mume wangu," mshonaji alijibu kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie. "Uniangalie vizuri, na akija kukuhadithia vingine umkumbushe. Nimeondoka kwa miguu yangu, nikiwa mzima wa afya."