Kiko Kimoja cha Tumbaku

Palahna aliikata kamba kabla kiko cha baba mkwe wake hakijafika nusu, na hilo ndilo kosa lililowaponza.

Lakini nani angemlaumu? Nyuma yao kijiji cha Smereka kilikuwa kinawaka. Asubuhi jeshi la Kaizari wao lilipita likirudi nyuma, askari wenye buti zilizotoboka na nyuso za watu wasiojua wanamkimbia nani, wakalichoma daraja ili wasifuatwe. Kwa miaka miwili jeshi hilohilo lilikuwa likija kuchukua tu: kwanza wanaume, akiwamo Lukyn, mume wa Palahna, kisha farasi, kisha majani makavu ya ng'ombe, na mwisho kengele ya kanisa, ati ikayeyushwe iwe mzinga. Siku ya kuondoka hawakuaga hata mtu mmoja. Ilipokaribia saa sita mizinga ya Warusi ikaanza kuitafuta barabara, ikazipata nyua za watu. Kipande cha chuma kikamwingia mzee Onufriy, baba yake Lukyn, pajani akiwa kisimani anachota maji.

Daktari alikuwa Kuty, mjini, chini kabisa ya mto. Barabara haipitiki, daraja halipo. Ulibaki mto wenyewe, ambao siku za kawaida ni mawe mengi na maji ya kulowesha vifundo vya miguu. Ndiyo maana juu ya bonde kulikuwa na bwawa la mbao: maji yakikusanywa siku nzima kisha lango likafunguliwa, mto unajaa kwa saa chache na magogo yanashuka. Chelezo kimoja cha magogo ya misonobari kilikuwa kimefungwa ukingoni tangu kabla ya vita, kimesahauliwa.

"Leo nafungua saa nane," alisema Tanasiy, mlinzi wa bwawa. "Kesho saa nane litakuwa limejaa, nafungua tena kwa watakaochelewa. Mimi siendi popote. Niende na miguu gani hii?"

Basi lango likafunguliwa, maji yakapita yakinguruma, chelezo kikainuka na kuanza kuivuta kamba. Na mzee Onufriy, nahodha wa vyelezo kwa miaka arobaini, akiwa amelala juu ya magogo huku paja limekazwa kwa mkanda wake mpana wa ngozi, akatoa kiko, akakishindilia tumbaku, akawasha.

"Baba, twende!"

"Navuta."

"Watatukuta hapa!"

"Watatukuta navuta."

Palahna alikuwa amewaona manahodha wakifanya hivyo tangu utoto wake. Alidhani ni maringo ya wanaume. Hakuna aliyewahi kumweleza, kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa hata kukikanyaga chelezo, ilisemekana ni nuksi. Bomu jingine lilianguka nyuma ya kanisa. Hafiya, jirani yake, aliyekuja na kuku mmoja kapuni na midomo isiyochoka, akapiga kelele, "Kata, shoga, huyu mzee ana homa!" Palahna akachukua shoka akakata.

"Ah, mke wa Lukyn," mzee akasema taratibu. "Umetuzika."

Mwanzoni ilikuwa raha. Chelezo kilikwenda kwa kasi, Hafiya akiwa mbele, Palahna nyuma, kila mmoja na kasia lake refu. Walipita kona tatu. Kwenye kona ya nne, pale manahodha wanapopaita Kiwiko, maji mbele yao yakaisha. Palahna aliona mawe meupe, makavu, na kijito chembamba kikipita katikati yake. Hakuelewa anachokiona mpaka magogo yalipoparamia changarawe na kasia likampiga kifuani.

Chelezo kilisimama. Kisha maji yale waliyoyaacha nyuma yakawafikia.

Yaliwapiga kwa nyuma, yakakigeuza chelezo ubavu, yakamtupa Hafiya mtoni. Palahna alimlalia mkwewe kwa mwili wote, akaingiza vidole kwenye kamba za magogo, akashikilia. Hafiya alilidaka kasia lake na kujivuta juu, akitema maji na matusi. Mto ukakibeba chelezo ukakitupa juu ya tuta la changarawe katikati ya bonde, ukaendelea na safari yake. Jua lilipoanza kushuka maji yalikuwa yamekwisha kupita, nao wamekaa juu ya mawe makavu.

"Kuku yuko hai," Hafiya akasema.

Palahna alilia hapo, kwa hasira zaidi kuliko woga. Kisha akajipangusa uso kwa mkono wa shati akalifungua paja la mzee. Jeraha lilikuwa limevimba, kingo zake nyekundu, na joto lake aliliona kabla hajaligusa. Aliliosha kwa pombe kali ya plamu. Mzee akauma ukanda wa begi.

"Linanuka?" akauliza.

"Bado, baba."

"Likianza kunuka, una siku moja. Usinidanganye."

"Sitakudanganya. Na wewe niambie: kile kiko ni cha nini?"

Mzee akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na alikuwa mkwewe mwaka wa nane huo. "Hujui?"

"Ningejulia wapi? Mngetufukuza ukingoni."

Ndipo akamweleza. Chelezo kinakimbia kuliko maji yanayokibeba. Ukifungua kamba mapema unakipita kichwa cha maji na kujikuta nchi kavu. Lazima uyape maji nafasi ya kutangulia, na nafasi hiyo ni kiko kimoja kilichojaa, mpaka majivu. Si nusu, wala robo tatu.

"Basi nitajie mto wote," Palahna akasema. "Kutoka hapa hadi Kuty. Jiwe moja moja."

Alitaja mpaka giza likaingia, naye Palahna akarudia nyuma yake: wapi kushika kulia, wapi kuinua kasia, wapi kuinama kwa sababu ya mti. Wakala ugali baridi na jibini, wakalala wamebanana chini ya koti moja la ngozi ya kondoo.

Kulipokucha walianza kazi. Chelezo kilikuwa juu mno, maji ya leo yangekipitia pembeni na kukiacha hapohapo. Walichimba changarawe chini ya magogo kwa shoka, kwa sufuria, kwa mikono. Wakasukuma mti mnene chini yake kama wenzo, wakaning'inia juu yake wote wawili.

"Moja, mbili, ruka!"

"Mimi nimezaa watoto watano," Hafiya alihema, "na hakuna aliyenitesa kama gogo hili."

Kila walipoukalia, chelezo kilisogea upana wa kiganja. Kucha za Palahna zilitoka damu. Alipochoka kabisa alikwenda kumpa mzee maji, akalinusa paja, akarudi kwenye wenzo. Lilikuwa limeanza kunuka. Kufika saa sita chelezo kilikuwa kimeteremka hadi kwenye mkondo, nusu yake ndani ya maji machache, na kamba imezungushwa kwenye jiwe kubwa. Onufriy hakuwa anajibu tena alipoitwa.

Kisha wakasikia bunduki, kutoka juu, upande wa bwawa. Hazikuwa nyingi. Kukawa kimya.

Saa nane ikafika, ikapita. Palahna alikaa akitazama mawe. Alimfikiria Tanasiy na miguu yake mibovu, akamwomba Mungu, akamtukana Kaizari, akaomba tena.

Changarawe zikaanza kutetemeka.

"Yanakuja!" Palahna akaruka. "Tanasiy yu hai, Hafiya! Yu hai!"

Kichwa cha maji kilipinda kona kikiwa kahawia, kimebeba povu na matawi. Chelezo kikainuka, kikayumba, kikaivuta kamba hadi ikalia. Wakati huohuo, kwenye mteremko wa kushoto, wapanda farasi wakatokea msituni. Warusi. Mmoja akapiga kelele, mwingine akainua bunduki, na risasi ikachana gome la gogo karibu na kapu la kuku.

"Kata, shoga! Kata!"

Palahna aliingiza mkono kifuani mwa mkwewe, akatoa kiko na mfuko wa tumbaku. Akakijaza, akakishindilia kwa kidole gumba chenye damu. Kiberiti cha kwanza kilizimika. Cha pili kikashika.

"Umerogwa?" Hafiya alilia, amelala kifudifudi juu ya mzee kumkinga. "Wanatuua na wewe unavuta!"

"Lala hapohapo. Bado."

Hakuwahi kuvuta tumbaku maishani mwake. Moshi ulimkaba, machozi yakamtoka, akakohoa mpaka akainama, akavuta tena. Risasi ya tatu ilipita juu ya kichwa chake. Mkono wake ulikuwa juu ya fundo la kamba nao ulitaka kulifungua, akaukatalia. Alitazama ndani ya kiko. Moto ulikuwa umefika robo. Akavuta. Umefika chini. Akavuta tena, akakigonga kwenye gogo, yakadondoka majivu matupu.

Ndipo akafungua.

Maji yalikuwa mbele yao njia nzima. Palahna alishika kulia aliposhika kulia mkwewe miaka arobaini, akainama penye mti, akapita kati ya mawe mawili akilitamka kila moja kwa sauti. Wapanda farasi wakabaki kuwa nukta juu ya mlima.

Walipofika Kuty, bendera ilikuwa imebadilishwa mchana huohuo. Askari waliompokea mzee na kumlaza kwenye machela walikuwa Warusi, na daktari naye Mrusi, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakuuliza mgonjwa ni wa kaizari yupi. Alilinusa paja, akaagiza msumeno.

Siku ya tatu Onufriy alifumbua macho. Alipapasa blanketi mahali mguu ulipokuwa. Kisha akapapasa kifuani.

"Nani kavuta tumbaku yangu?"

"Mimi, baba."

"Yote?"

"Mpaka majivu."

"Na walikuwa wanapiga risasi. Hafiya kaniambia." Alitazama dari. "Lukyn nimemfundisha miaka kumi. Mwanangu mwenyewe, lakini siku zote anabakiza robo."

Palahna hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. Mzee akausukuma mfuko wa tumbaku juu ya blanketi hadi mkononi mwake.

"Kaa nao, nahodha," akasema. "Na ujifunze kuvuta bila kukohoa. Maji ya masika hayako mbali."