Neno Alilodhani Analijua

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule kufika, Kethia alikunywa chai na bibi yake karibu na dirisha la nyumba yao ya kupanga, mjini Haltom City, huko ughaibuni. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa mkalimani wa ukoo mzima. Barua ya Kiingereza ikija, aliitwa yeye. Sifa alizopewa zilimvimbisha kichwa.

Jicho la kushoto la Bibi Bertila lilipoanza kuuma na kuwa jekundu, walikwenda kliniki. Baba, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alisinzia kwenye chumba cha kungojea. Nesi alisema angeweza kumpigia simu mkalimani wa Kiswahili, lakini Kethia akamjibu kwamba hakukuwa na haja. Nesi akampa dawa ya matone, akaeleza upesi upesi jinsi ya kuitumia. Kethia alisikia “left”, kisha “right”, kisha habari za kifungua kinywa. Alisita kidogo. Kuuliza akaona aibu.

“Bibi, ni macho yote mawili, la kushoto na la kulia, baada ya chai,” alisema.

Siku ya tatu, Bibi alimimina chai ya moto nje ya kikombe, ikamwunguza vidole. Alisema sasa hata jicho la kulia, lililokuwa zima, lilikuwa limeingia ukungu. Kethia alichukua karatasi ya kliniki, ambayo hakuwa ameisoma. Iliandikwa jicho la kushoto tu.

Angeweza kusema nesi ndiye aliyekosea, na nani angembishia? Lakini alipomwona Bibi akipapasa meza kutafuta kitambaa, alikwenda kumwamsha baba, akamweleza yote bila kuficha.

Baba hakumfokea. Alipiga simu kliniki, akaomba mkalimani. Mkalimani aliwafafanulia kwamba “right” ni kulia, lakini pia ni sawa, tena ni haki. Na pale nesi aliposema “right after breakfast”, alimaanisha mara tu baada ya kifungua kinywa. Daktari akaagiza jicho la kulia lisitiwe dawa tena. Ukungu, alisema, ungeondoka wenyewe.

Siku nne hazikuisha, Bibi akawa anaona vizuri tena. Kethia alipiga magoti kumwomba radhi.

“Mjukuu wangu,” Bibi alisema, “maneno ndivyo yalivyo. Mimi niliyezeeka na Kiswahili, mtu akiniambia ‘kata’, bado nitamwuliza: kata ya kutekea maji, kata anayokaa diwani, au nikate kamba? Kutojua hakukuwa kosa. Kosa lako ni kwamba uliingiwa na shaka, ukanyamaza. Kuuliza si ujinga. Na siku ukikosea tena, maana utakosea, fanya kama ulivyofanya juzi: sema kweli mapema, kabla mtu hajaumia zaidi.”