Ingia ya Kumi

Jumanne ile ilianza kama Jumanne nyingine yoyote. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, ambaye sote tulimwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake, alipiga pasi blauzi, akagombana kidogo na mdogo wake juu ya zamu ya kuosha vyombo, akaenda zake kazini. Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Mwaka ule alikuwa sauti ya msichana wa miaka kumi na tisa anayependwa na mnyonya damu wa miaka mia tatu.

Mnyonya damu huyo aliwatia wanawake wazimu. Alipanda dirishani kumtazama msichana akiwa amelala. Alimfuata chuoni, akamgombanisha na rafiki zake, akamharibia gari ili asisafiri. Mdogo wake Kinanda alimlilia kila Jumamosi mchana, na alikuwa amemwacha mchumba wake, fundi saa mpole, kwa kosa la kubisha hodi na kusubiri. Kinanda alimtania kwamba huyo kaka angekuwa na kitambi na chunusi, polisi wangeshaitwa tangu sehemu ya kwanza. Alitania, lakini kazi ilikuwa imeanza kumkaba. Katika sehemu ishirini na tisa, msichana wake hakuwahi kumwambia yule mwanaume hapana hata mara moja.

Pale studio kila mtu hurekodi peke yake, wanawake Jumanne, wanaume Alhamisi. Kwa hiyo Kinanda alizungumza na ukimya. Alisema sentensi yake, akahesabu sekunde kwa kidole pajani ili kumwachia mwanaume nafasi, halafu akajibu maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Kibanda kilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Kuta za sponji, kioo kimoja cha kutazamana na fundi mitambo, na mlango unaofunguliwa kwa nje tu, maana kitasa cha ndani kilikuwa kikigongagonga na kuharibu kazi, wakaking'oa.

Siku ile walifika sehemu ya thelathini. Mnyonya damu yuko mlangoni, na hawezi kuvuka kizingiti mpaka mwanamke amruhusu kwa mdomo wake mwenyewe. Kinanda alitakiwa kusema neno moja tu.

Alilisema. Fundi akataka tena. Laini zaidi, taratibu zaidi. Zikafika mara tisa.

"Mtamani, dada," fundi alimwambia kwenye hedifoni. "Sema kama unayemtaka kweli."

"Ingia," alisema Kinanda mara ya kumi, na safari hii alilisema kweli. Akahesabu pajani. Moja. Mbili.

"Ahsante," sauti ya kiume ikamjibu masikioni.

Alimuuliza fundi kama alikuwa amemwekea sauti ya Alhamisi. Fundi akashangaa, akamgeuzia kompyuta aone. Baada ya neno lake, mstari wa sauti ulikuwa umenyooka, bila hata mkwaruzo.

Kinanda akaamua kwamba kwa leo imetosha, afunguliwe mlango. Alifungua kinywa kusema hivyo. Kilichotoka ni, "Nitakaa na wewe milele." Yalikuwa maneno ya msichana, ya sehemu ya ishirini. Fundi akainua dole gumba. Kinanda alijaribu tena, na tena. Kila alichotaka kukataa kiligeuka kuwa kukubali, kwa sauti yake mwenyewe, tamu vilevile.

Mkono ulikuwa bado wake. Aliandika nyuma ya karatasi SITAKI, NIFUNGULIE, akaibandika kwenye kioo. Fundi akaisoma, akakunja uso, akanyanyuka nusu kwenye kiti. Ndipo hedifoni zake zikamletea sauti ya Kinanda, tulivu, yenye kicheko ndani yake.

"Nakutania, fundi. Niache hapa. Niko salama."

Miaka kumi na minane fundi yule alikuwa amekula kwa masikio yake. Hakuwahi kuyatilia shaka. Alicheka, akaiacha mashine ikinasa sauti, akatoka kwenda kunywa chai.

Taa haikuzimika. Bora ingezimika. Kinanda aliona ukungu wa pumzi ukitanda kwenye kioo, upande wake wa ndani, juu ya kichwa chake. Alipiga kioo. Sponji ikameza kelele.

"Usiogope. Wewe ndiye uliyeniruhusu."

Alivua hedifoni. Sauti ikabaki.

Fundi aliporudi baada ya dakika ishirini, alimkuta amekaa kitini, mikono mapajani, hana hata mchubuko. Ila sauti hana. Madaktari walimulika koo wasione kitu. Jioni ile fundi alisikiliza kilichonaswa. Zilikuwamo hapana mia mbili na kumi na moja, zote safi, zote za Kinanda, na baada ya kila moja kicheko kidogo cha mwanaume. Aliacha kazi kesho yake. Wenye kampuni walizikata hapana zote. Kicheko wakakitumia, na watazamaji walikipenda sana.

Sehemu ya thelathini ilionyeshwa wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, jua kali nje. Kinanda aliruka kuizima televisheni. Mdogo wake akamdaka mkono.

"Najua inakuuma kusikia sauti yako, dada. Lakini hapa ndipo pazuri."

Kinanda akatikisa kichwa. Midomo ikacheza, hewa tu ikatoka. Alimziba mdogo wake masikio kwa viganja vyote viwili, naye akamsukuma kwa kicheko, akadhani ni utani. Kwenye televisheni mwanaume alikuwa amesimama mlangoni. Sauti ya Kinanda ikajaa sebule.

"Ingia."

Mdogo wake akashusha pumzi. Akakumbatia mto. Akarudia neno lile chinichini, kwa kumtamani.

Mlango wao ulikuwa umefungwa kwa komeo, na ulibaki umefungwa. Tamthilia ilipokwisha, upande wa ndani, palikuwa na viatu vyeusi vya kiume, vimevuliwa kwa adabu na kupangwa sawasawa. Sisi majirani tumeviona. Kinanda amevitupa mara tatu, na mara tatu vimerudi. Siku hizi mdogo wake ndiye anayevipiga rangi.