Dakika ya Arobaini na Moja

Faili lilitoka chumbani likiwa na dakika arobaini, likafika sebuleni likiwa na dakika arobaini na moja.

Baba Chiriku alidhani macho yanamdanganya. Vitu vikisafiri hupungua: gunia hutoboka, maziwa humwagika. Umbea peke yake ndio hunenepa njiani, nao hauhitaji waya. Akavaa hedifoni, akaruka mpaka mwisho. Sauti ya mkewe ilimaliza somo, ukafuata ukimya, kisha kwa dakika nzima mtu akawa anapumua.

"Mama Chiriku," aliita, "leo umelalia kipaza sauti?"

"Anayekoroma nyumba hii anajulikana," mkewe akajibu kutoka chumbani. "Mimi nikimaliza kusoma nazima."

Kazi yao ilikuwa hiyo. Mama Chiriku alisoma vitabu vya shule kwa sauti ili wanafunzi wasioona wavisikilize, na mumewe alisafisha vikohozi na kelele za pikipiki. Mama alirekodi kila siku baada ya chakula cha mchana, mtaa ukiwa umetulia. Walianza kwa ajili ya binti yao mwenyewe, mtoto wa miaka sita aliyezaliwa haoni, mwenye mdomo usiojua likizo. Ndiyo maana wakambatiza Chiriku. Hakuujua uso wa mama yake, aliijua sauti. Akiisikia alitembea nyumba nzima bila kugusa ukuta. Akiikosa alikaa chini palepale na kulia.

Kompyuta mbili, ya chumbani na ya sebuleni, ziliunganishwa kwa waya mmoja. Katikati ya vyumba hivyo palikuwa na stoo, na mpangaji aliyewatangulia alitoboa kuta zote mbili akaupitisha waya humo. Mlango wa stoo ulikuwa umevimba kwa unyevu. Hawakuwahi kuufungua, maana hawakuwa na cha kuweka.

Wiki ile mafaili yakaanza visa. Moja lilifika nusu. Jingine lilikwama kwenye asilimia tisini na tisa mpaka chai ikapoa. Baba Chiriku alizima kompyuta, akaiwasha, akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Alipochoka akaacha kunakili, akaanza kukata na kubandika. Aliona kwamba faili likishakatwa huku halina pa kurudi, litafika tu. Haraka haraka haina baraka, lakini nani huikumbuka methali kabla haijamkuta? Kwa siku chache alikata mafaili tisa yaliyokuwa yamerekodiwa tayari. Sebuleni halikufika hata moja, na chumbani hayakuwepo tena. La tisa lilimuuma zaidi, kwa kuwa Chiriku alikuwa amebembeleza mpaka akaruhusiwa kulifunga yeye: "Mwisho wa somo. Kwaherini!"

Siku hizohizo koo la Mama Chiriku likaanza kukauka. Faili la kwanza lilipopotea alikwaruza kidogo, wakasema ni mafua. La tano lilipopotea alikuwa ananong'ona. La tisa lilipopotea alifungua mdomo asubuhi, ikatoka hewa tupu. Daktari alimmulika kooni akasema ni pazima kabisa. Na chini ya mlango wa stoo ikaanza kusikika harufu ya nywele zilizoungua.

"Mama," Chiriku aliuliza wakiwa mezani, "mbona siku hizi unasomea stoo?"

Kijiko cha baba yake kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Namsikia mama. Ananiita nikakae naye. Mlango ndio mgumu."

Kesho yake wakamwita fundi wa mitandao, mtu wa mikono mikubwa na maneno mengi. Aliusukuma mlango kwa bega, akiutania kwamba umenenepa kuliko mkewe. Ndani hamkuwa na kitu ila vumbi na waya ulioning'inia kutoka tundu hadi tundu, ukiwa na kiungo katikati. Fundi akakifungua kiungo, akachomeka kompyuta yake ndogo, akajaribu. Kutoka chumbani mpaka stoo, faili lilifika zima. Kutoka stoo mpaka sebuleni, zima. Akaunganisha tena, akatuma kutoka chumbani moja kwa moja: zilitoka dakika arobaini, zikafika thelathini na moja. Akarudia. Thelathini na moja. Alipokigusa tena kiungo aliruka nyuma, vidole vimeungua.

"Waya huu haubebi umeme wa kuunguza mtu," alisema taratibu. "Hebu niambie, kaka. Ulikuwa unakopi, au unakata?"

Baba Chiriku akatazama chini. "Nilikata."

"Ukikopi, chako kinabaki. Ukikata, kimetoka mkononi mwako na hakijafika kwa mtu. Ni cha atakayekiokota."

"Na aliyekiokota ni nani?"

Fundi alikuwa ameshafunga begi. "Mimi ni fundi wa nyaya," alinong'ona. "Huyu si wa nyaya. Mtafuteni anayejua kusema na majini. Waya muutoe umeme ukikatika, na msiushike kwa mikono mitupu. Mtoto asipite hapa." Aliondoka bila kuaga, akaacha bisibisi yake vumbini.

Siku iliyofuata Baba Chiriku alitoka kumtafuta mtu huyo. Saa nane mchana umeme ukakatika. Chiriku alikuwa amelala sebuleni, na mama yake aliona kungoja ni kumpa adui nafasi. Akavaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, akaingia stoo.

Kompyuta zote zilikuwa zimezimika, feni imesimama, mtaa mzima kimya, lakini alipoushika waya na kuuvuta, na ile harufu ya nywele zilizoungua ilipomjaa nguoni na kichwani, alisikia nyuma ya ukuta, karibu na sikio lake, sauti yake mwenyewe, ile safi aliyoililia wiki nzima, ikianza kusoma somo la kwanza bila kukosea neno, tena ikisoma vizuri kuliko alivyosoma yeye. Akavuta kwa nguvu zote. Waya haukutoka. Kisha akasikia miguu midogo ukumbini, ikija bila kugusa ukuta.

"Mama, nakuja!"

Alitaka kupiga kelele, ikatoka hewa. Akaruka, akamdaka mtoto kizingitini.

Chiriku alihisi mpira baridi, akanusa nywele zilizoungua, akangoja sauti, na sauti haikuja. Akapiga ukelele. "Mama! Mama, nisaidie! Kuna kitu kimenishika!"

"Njoo, mwanangu," stoo ikajibu. "Njoo kwa mama."

Mtoto aliuma, akapiga mateke, na hakuna uchungu aliowahi kuupata mama yule ulioufikia huu, wa kumshika mwanawe asipotee huku mwana mwenyewe akimlilia mama aje amtoe mikononi mwake. Akaing'oa glavu kwa meno, akaweka kiganja kwenye shavu la Chiriku.

Mtoto akatulia. Akakipapasa kile kiganja, akaigusa pete, akaligusa kovu la kisu kwenye kidole gumba. Midomo yake ikatikisika.

"Mama? Basi huko ndani ni nani?"

Sauti ilikuwa ya Chiriku, ila ilitoka stoo. Mtoto akashika koo lake. Akafungua mdomo tena, na kila alichotaka kukisema kilisemwa nyuma ya mama yake, kule vumbini.

Baba Chiriku alirudi jioni peke yake, aliyemtafuta amekataa kuja. Alipofika mlangoni akasikia mkewe anasoma, sauti imerudi, na Chiriku akicheka kando yake. Akaingia mbio kwa furaha akiwaita wote wawili.

Aliwakuta wameketi sakafuni ukumbini, wamekumbatiana, migongo kwenye mlango wa stoo uliofungwa. Walimwelekezea nyuso zilizolowa machozi, midomo imefumbwa. Nyuma ya mlango ukurasa wa mwisho ulikuwa unasomwa, polepole, kwa upendo.

"Mwisho wa somo," Chiriku akasema huko ndani. "Kwaherini!"